Barua ya wazi kwa wakubwa wa Blackpool: Promenade mnailinda, huku nyuma je?

Kwa kiongozi wa halmashauri ya Blackpool, mkuu wa polisi wa Lancashire, kamishna wa polisi na uhalifu wa Lancashire, na waheshimiwa wabunge wetu wawili,

Salaam waheshimiwa. Naandika kwa Kiswahili makusudi kabisa, maana barua hii nataka wenzangu waisome kwanza, wale tunaopishana saa nne usiku yunifomu ziko chini ya makoti, nyie mtatafsiriwa tu, mkalimani hamkosi.

Mimi nafanya kea ya majumbani. Naenda kwa wazee na wagonjwa, nawaogesha, nawapa dawa, nawapashia chakula, nawalaza, naondoka, nyumba inayofuata. Nimezaliwa Tanga kwa hiyo bahari siigeni, ingawa huu upepo wenu wa Februari una roho mbaya, koti linatobolewa kama halipo. Visa ya kea ilipofunguliwa mwanzoni mwa 2022 tulikuja wengi, Wabongo, Wakenya, Waganda, Wazimbabwe, Wanigeria, tukaingia kwenye miji ya pwani ya England kama hii Blackpool, yenye wazee wengi na watu wachache wa kuwaangalia. Kwa hiyo msituone kama wapita njia. Sisi mji huu tunaujua kwa ndani, yaani ndani ya vyumba, na hilo ndilo ninalotaka kuwaambia leo: ulinzi wa Blackpool umepangwa kumfuata mtalii, wakati uhalifu mkubwa unakaa kwenye nyumba za mitaa ya nyuma, humo humo tunamoingia sisi na funguo za wagonjwa mkononi.

Tuanze na namba, kila mwaka zinatuchanganya. Magazeti yanapenda kuandika Blackpool ni mji hatari, na klipu za watu wanapigana nje ya baa zinafika mpaka Bongo kwenye WhatsApp, mama ananipigia, "mwanangu hivi huko mnaishi na majambazi?" Hapa kwa haki niwatetee kidogo. Kiwango cha uhalifu kinapigwa kwa kila wakazi 1,000. Sensa ya 2021 ilikuta wakazi kama 141,000. Lakini wageni wanaokuja kwa mwaka, kwa hesabu zenu wenyewe halmashauri, wanapita milioni 20. Sasa mtu wa Glasgow akilewa Jumamosi akamtwanga ngumi mtu wa Leeds, kesi inaandikwa Blackpool, halafu inagawanywa kwa sisi wakazi 141,000 tu, wale mamilioni hawamo kwenye kugawanya ila makosa yao yamo. Lazima kiwango kivimbe. Mji wowote wa baa na mapumziko una tatizo hilo, na mtu anayelinganisha Blackpool na kamji ka shambani kasikopata hata basi moja la watalii hajafanya hesabu, amefanya umbea.

Ila msijifiche hapo. Mtalii anaeleza ngumi za Promenade, ile barabara ya ufukweni, haelezi yanayotokea Claremont, wala mitaa ya Central Drive, wala huku South Shore ninakokaa. Fungueni ile ramani ya uhalifu ya polisi kwenye intaneti, inawekwa kila mwezi na yeyote anaiona. Vile vidoto havikai kwenye nyumba yenyewe, vinasogezwa kidogo ili mwathirika asijulikane, sawa, lakini mtaa unaonekana. Kundi linaloongoza ni la ukatili na makosa ya kingono, na sehemu kubwa ya ukatili huo haitokei barabarani kwenye kamera, inatokea nyuma ya mlango uliofungwa. Mwanamke anapigwa na mume wake. Kijana anadaiwa pesa ya unga. Mzee ananyang'anywa kadi ya benki na watu anaowaita marafiki. Hayo polisi wa doria pale chini ya mnara wa Tower hawezi kuyaona hata akisimama usiku kucha.

Na nyumba zenyewe zimefikaje hapo? Mnajua nyie kuliko mimi ila niseme kwa ajili ya wenzangu. Zamani wafanyakazi wa viwanda vya pamba walikuwa wanafungiwa kiwanda wiki nzima ya kiangazi, mji mzima unahamia Blackpool, wanalala kwenye guesthouse za familia, ghorofa tatu nne, vyumba vidogo vidogo. Kufika miaka ya 60 na 70 watu wakagundua ndege ya bei rahisi ya kwenda Hispania, jua la uhakika, wakahama. Zile guesthouse zikabaki bila wageni, wenye nyumba wakazikata vipande, kila kachumba mpangaji wake, choo cha kushea, jiko la umeme la sahani moja pembeni ya kitanda. Kodi inalipwa na posho ya nyumba ya serikali, na hapo ndipo pana utamu, kwa sababu kiwango cha posho kinapangwa kwa eneo zima la pwani ya Fylde, na humo mna Lytham St Annes kwa wenye nazo, kwa hiyo mwenye chumba kibovu cha Blackpool anapata pesa ambayo sokoni chumba kile kisingeipata. Unadhani atakarabati ili iweje? Mtu aliyeachana na mkewe Manchester, aliyetoka jela, aliyeshindwa na pombe, anasikia Blackpool vyumba vipo na hawaulizi maswali mengi, halafu moyoni anakumbuka alikuja utotoni akafurahi. Anakuja. Mwaka 2019 serikali ilipopanga mitaa kwa umaskini, kati ya mitaa 10 maskini kuliko yote England, 8 ilikuwa Blackpool. Mganga mkuu wa serikali naye ripoti yake ya 2021 yote aliiandika kuhusu afya ya miji ya pwani, mambo haya haya, vyumba hivi hivi.

Sasa niwapeleke kwenye nyumba moja, sitataja mtaa wala jina la mtu.

Mlango wa mbele kitasa kimevunjika, unasukuma tu. Chini mna barua zimelundikana, majina ya watu waliohama kitambo. Swichi ya taa ya ngazi ni ile ya kubonyeza, inawaka sekunde chache inazima, hujafika ghorofa ya pili uko gizani unapapasa ukuta. Mteja wangu ni mzee aliyekuwa mpishi wa hoteli enzi zake, mapafu yamekwisha, hatoki. Wiki moja naingia nakuta vijana wawili wamekaa kitandani kwake, mmoja kwa kumwangalia hajafika miaka 16, lafudhi ya Liverpool, viatu vipya, simu tatu mezani na moja haiachi kuita. Mzee ananiambia ni watoto wa dada yake. Macho yake yanasema kingine. Chakula nilichomwachia jana kipo vile vile, kile kiti chake cha dirishani amekaa kijana, yeye mzee kasimama anashikilia meza, mtu ambaye hatua tatu tu anatafuta pumzi. Mlangoni wanabisha watu, mara moja, mara ya pili, wananiona wanageuka. Kijana mdogo akaniambia kwa adabu kabisa, "you can go love, we'll sort him out," yaani nenda tu, huyu tutamshughulikia sisi. Kwa adabu! Hicho ndicho kilichonitisha.

Hiyo nyie mna jina lake na mafaili yake, mtandao wa county lines, magenge ya miji mikubwa yanatuma watoto miji midogo na laini ya simu ya kuuzia krak na heroini, wanachagua mtu dhaifu wanaiteka nyumba yake. Mzee ni mateka na yule mtoto wa viatu vipya naye mateka, ametumwa, deni likimkaba hawezi kurudi kwao. Niliandika yote kwenye programu ya kazini kabla sijashuka ngazi. Mwajiri wa wakati huo akafanya nini? Akasema nyumba ile ni hatari kwa wafanyakazi, akatuma wawili wawili kwa muda, halafu huduma ikasitishwa. Kwenye makaratasi tatizo limeisha, mfanyakazi yuko salama. Mzee sasa hana dawa, hana chakula cha moto, na mtu pekee wa nje aliyekuwa anaingia mle ndani kila siku ameondolewa. Wauzaji wangeomba nini zaidi?

Waheshimiwa hili ndilo ombi langu la kwanza na kubwa kuliko yote. Anapoteuliwa afisa wa kushughulika na nyumba zilizotekwa, sisi wa kea tuwe kwenye orodha yake, na postamani, na fundi wa boila, tunaoingia kweli. Na huduma isikatwe kwenye nyumba yenye dalili hizo mpaka polisi na ustawi wa jamii wa halmashauri wawe wamekaa na ejensi wakakubaliana nani anaingia lini. Muswada ulioingia bungeni Februari 2025 uliandikwa ili kuteka nyumba ya mtu kuwe kosa lake lenyewe, vizuri sana, waheshimiwa wabunge hongereni kama mliupigia kura, ila sheria haipandi ngazi zenye giza, anapanda mtu.

Na wenye nyumba. Jamani wenye nyumba! Halmashauri mna nguvu ya leseni, mna wakaguzi, tangu 2015 mna kampuni yenu ya nyumba inayonunua zile guesthouse na kuzikarabati vizuri, nimeingia kwenye moja, mlango unafungika, taa zinawaka, mteja wangu mle analala usingizi. Mwaka 2024 serikali ilitangaza pauni milioni 90 kwa ajili ya makazi ya Blackpool. Sawa. Wekeni basi kitasa cha mlango wa mbele na taa ya ngazi kuwa sharti la kwanza kabla ya rangi za nje, na mkaguzi akienda asiende saa nne asubuhi siku ya Jumanne baada ya kumpigia mwenye nyumba simu, aende Ijumaa jioni. Posho ya nyumba najua hampangi nyie, inapangwa London, hiyo ni kazi ya wabunge wetu, kila siku waiulize mpaka wachokwe.

Nije kwetu sisi wafanyakazi. Shifti ya jioni inaisha saa nne usiku na Desemba giza linaingia saa kumi jioni, kwa hiyo nusu ya kazi yetu ni gizani, kwa miguu, begi mgongoni. Dada mmoja Mkenya, mwenzangu, vijana wenye baiskeli za umeme walimfuata mitaa miwili wakimrushia mayai na maneno, simu aliificha kwenye soksi. Menija wake alimwambia apite njia nyingine. Njia ipi? Wateja wako pale pale. Mabasi ya mji huu ni mali ya halmashauri yenyewe, sasa kama msimu wa Illuminations watu wanasafirishwa kwa maelfu kuangalia taa usiku, hatushindwi kukaa chini na waajiri wa kea tukapanga basi la wafanyakazi wa usiku la Oktoba mpaka Machi linalopita nyuma na sio Promenade tu. Taa zenyewe tunazipenda, msinielewe vibaya, kitu kilianza 1879 na mpaka leo watoto wanakimbia kuziangalia, kilomita kama 10 za taa. Lakini ukivuka vichochoro viwili unaanza kutumia tochi ya simu. Ni kama mtu anayefagia sebule kwa sababu mgeni anakuja, uchafu wote kausukumia chumba cha watoto.

Halafu kuna hili ambalo wengi wetu hatulisemi kwa sauti. Visa yetu imefungwa kwa mwajiri. Akipoteza leseni ya kudhamini wafanyakazi wa nje au akikuachisha una siku 60 kutafuta mwingine, na tangu Julai 2025 mlango wa kuleta wafanyakazi wapya wa kea kutoka nje umefungwa, na kuleta mke au mume na watoto kulishazuiwa Machi 2024. Kwa hiyo mtu akiibiwa, akipigwa, akishikwashikwa na mteja au na menija, kabla hajafikiria 999, namba ya dharura, anafikiria visa. Na anasikia kwamba polisi wa nchi hii wanaweza kupeleka taarifa za mwathirika idara ya uhamiaji, na ni kweli inatokea, mashirika ya haki yalishapeleka malalamiko rasmi kitaifa kuhusu jambo hilo. Matokeo yake makosa dhidi yetu hayaandikwi popote, ramani inaonekana safi, mnakuja kwenye kikao mnasema jamii za wageni hazina matatizo makubwa. Mkuu wa polisi, hili ombi halihitaji bajeti: toa tamko la maandishi kwamba mtu wa Lancashire anayekuja kuripoti kuwa ameumizwa, jina lake haliendi uhamiaji. Sisi tutalitafsiri lote na kulisambaza bure, magrupu tunayo. Kwa wenzangu mnaosoma, mpaka tamko hilo litoke, Crimestoppers 0800 555 111 ni shirika la hisani, sio polisi, hawaulizi jina. Ila mtu akiwa hatarini sasa hivi ni 999, visa baadaye.

Ya Agosti 2024 nitapita haraka. Baada ya wale watoto watatu wa kike kuuawa Southport, ng'ambo ya mlango wa mto Ribble kutoka kwetu, uongo ukasambaa kwamba muuaji ni mkimbizi aliyekuja kwa boti, wakati kijana kazaliwa Cardiff, na tarehe 3 vurugu za kuwapinga wahamiaji zikafika Blackpool. Nasema haraka kwa sababu vurugu zenyewe sizo zilizonivunja moyo, na kuna vijana wa muziki wa panki waliokuja kwenye tamasha lao, nywele za kijani, walisimama upande wetu bila kuombwa, mpaka leo nikimuona mtu wa nywele hizo namsalimia. Kilichonivunja moyo ni kwamba wazee walikuwa wanangoja insulini jioni ile na ilibidi tujipange wenyewe kwenye grupu nani ana gari, nani anapita wapi. Siku kama ile ikirudi, na inaweza kurudi, tunataka namba moja ya kupiga na mtu mmoja anayejua kea wako wapi mjini.

Polisi sasa. Najua mlikatwa, kati ya 2010 na 2018 England na Wales zilipoteza askari karibu 20,000, halafu wakaajiriwa wapya kuanzia 2019, wengi bado vijana, wanajifunza mitaa. Kituo kikubwa kilikuwa Bonny Street katikati ya mji, 2018 kikahamia Marton huko pembeni, jengo zuri, barabara ina jina la Gerry Richardson, yule mrakibu aliyeuawa hapa Blackpool 1971 akifukuza majambazi wa duka la vito. Nalitaja kwa heshima, maana yule alikufa akimkimbiza mhalifu kwa miguu kwenye kichochoro. Aprili 2025 serikali ikaahidi watu 13,000 zaidi wa polisi wa mitaa mpaka 2029 na kwamba kila mtaa utamjua afisa wake kwa jina na namba ya kumpata. Basi sisi wa mitaa ya nyuma tunawaomba huyo afisa asiwe bango kwenye intaneti. Ajulikane na mwenye duka la kona, na mwenye laundrati, na kea wa shifti ya jioni. Akihamishwa baada ya miezi sita hatujapata kitu, kwa sababu yule mzee wa chumbani haongei na mtu asiyemzoea.

Na kamishna, kuna swali lako peke yako. Novemba 2025 serikali ilitangaza vyeo vyenu vinafutwa Mei 2028. Haya unayotuahidi sasa hivi, nani atayabeba siku hiyo? Tunaomba yaandikwe kwenye mpango na jina la ofisi itakayopokea, tusije tukaambiwa faili lilikuwa la mtu aliyeondoka.

Tunaomba mkutano. Ukumbi wowote tutakuja, hata wa kanisa. Msiupange saa kumi na moja jioni katikati ya wiki, hiyo ni saa ya chai ya wazee na dawa zao, hamtapata mtu, mtasema hatuna mwamko. Jumapili saa nane mchana wengi tunaweza kuibia saa moja na nusu kati ya raundi ya chakula cha mchana na ya jioni. Mkalimani wa Kiswahili msihangaike naye, siku hiyo tutazungumza Kiingereza. Leteni mtu wa nyumba, mtu wa polisi na mtu wa ustawi wa jamii meza moja, maana tukienda kwa mmoja mmoja kila mmoja anatuelekeza kwa mwenzake.

Wenu,
Mfanyakazi wa kea, South Shore